Pikapu ya Nanyala: tununue ipi, iandikwe jina la nani, na tuibadilishe nini

Maneno ya kamati ndogo ya usafiri mbele ya mkutano mkuu wa mwaka na harambee



Mlitutuma tutafute gari la umoja wetu. Hamkusema gari gani. Mlisema tu "pikapu," na kwa neno hilo moja kamati ya watu wachache imekaa vikao zaidi ya ilivyokaa kamati ya ujenzi. Tuko humo madereva wawili, fundi wa gereji, wakulima, mama mmoja mfanyabiashara wa maharage, na kijana ambaye anaweza kukutajia aina ya injini kwa kusikia mlio tu, gari likiwa bado halijatokea kwenye kona. Watu wanaopenda pikapu wakikutana hawamalizi. Lakini leo tumekuja na jibu, na tunaomba mtusikilize kabla hamjafungua mikoba.

Tuanze na sababu ya gari lenyewe. Kila mmoja hapa anamjua mgonjwa aliyebebwa kwa bodaboda, mtu mbele, mtu nyuma, mgonjwa katikati. Kila mmoja anajua mahindi yaliyobaki shambani mpaka mnunuzi akaja kwa bei yake, kwa sababu yeye ndiye mwenye gari. Wenzetu wa kahawa wanajua zaidi, maana kahawa mbivu ikichumwa inatakiwa kufika kwenye mashine ya kumenya siku hiyo hiyo. Ikilala kwenye gunia inachacha na daraja linashuka. Kwa akina mama wajawazito na watoto wachanga, serikali imeweka mfumo wa m-mama. Unapiga 115 bure, na pale gari la wagonjwa lisipokuwepo hutumwa dereva wa jamii aliyesajiliwa, naye hulipwa kwa safari. Hilo ni jambo jema, na gari letu linaweza kuandikishwa humo. Lakini mfumo huo haumbebi mzee mwenye presha wala kijana aliyeanguka juu ya mti. Na dereva wa jamii hawezi kutoka mahali ambapo hakuna gari.

Kwa hiyo tunataka gari la kubeba mzigo mchana na mtu usiku. Ni pikapu. Swali ni ipi.

Vijana wanataka Land Cruiser mkonga. Tunawaelewa. Sote tumekua tukiiona ikipita na maofisa, na watu wa miradi, na wa hifadhi. Ile pikapu ya mfululizo wa 70, ambao Toyota waliuanza mwaka 1984, ina injini ya 1HZ, lita 4.2, silinda sita, haina turbo wala kompyuta ya kuisumbua. Ni gari la kuachia watoto urithi. Tatizo lake ni kwamba kila mtu anajua hivyo, na bei yake haishuki hata likichakaa. Linalouzwa rahisi lina sababu. Kuna pia mtego mmoja ambao wengi hawaujui: mtu anaona kwenye simu Land Cruiser pikapu nzuri kutoka Japani, ya mwaka 2014 au 2015, anafurahi. Ile iliuzwa Japani kwa muda mfupi, kusherehekea miaka 30 ya mfululizo huo, na inatumia petroli, lita 4.0, V6. Iweke kazini Nanyala uone itakavyokunywa.

Wazee wetu wengine walisema: nunueni jipya, halitasumbua. Wazee, jipya tungelipenda sana. Fedha za kununua jipya zingemaliza na mradi wa madarasa.

Mjumbe mmoja akaleta hoja ya kirikuu. Msicheke. Suzuki Carry ni gari dogo, mafuta kidogo, spea zipo hadi vichochoroni, na kwa kazi ya dukani hakuna linaloishinda. Lakini mvua za Februari zikikolea kwenye barabara zetu za udongo, kirikuu na gunia kumi za mahindi hatuwezi kuvikutanisha.

Tulibaki na Hilux, na hapa ndipo vikao vilipochelewa.

Hilux ilianza mwaka 1968, na dunia nzima ina hadithi yake. Mwaka 2003 watangazaji wa kipindi cha Top Gear cha BBC walichukua moja kuukuu, wakaifunga ufukweni izame kwa maji ya bahari, wakaichoma moto, wakaiweka juu ya jengo likabomolewa nayo ikiwa juu. Fundi aliiwasha tena bila spea mpya. Chad walipopigana na Libya mwaka 1987, walipigana juu ya pikapu za Toyota mpaka vita vile vikaitwa Vita vya Toyota. Hadithi hizi ni tamu, na kijana wetu wa milio ya injini anazijua zote. Fundi wetu akauliza swali moja tu: "Hiyo ya kwenye televisheni, nozeli zake zilikuwa za aina gani?"

Swali hilo ndilo limeamua. Hilux za zamani zenye injini za 3L na 5L, yaani lita 2.8 na lita 3.0, zina pampu ya dizeli ya kizamani. Zina moshi, zina kelele, mlimani zinapanda kwa subira. Lakini fundi yeyote kuanzia hapa mpaka Mlowo anaifungua, anaisafisha, anaifunga. Zilizofuata, zile tunazoziita Vigo, zilizoanza mwaka 2004, nyingi zina injini za D-4D. Zina nguvu na ni laini, kuziendesha ni raha. Nozeli zake zinafanya kazi kwa msukumo mkubwa mno na hazitaki uchafu. Sasa sisi tunakaa kando ya barabara kuu ya Tanzania na Zambia. Mnajua madumu yanayosimama kando ya barabara hii jioni, na mnajua mafuta yale yametoka wapi na yamechanganywa na nini. Dereva mmoja, siku moja, akinunua dumu moja kwa kuhurumia chenji, nozeli nne zimekwenda, na gari linaenda Mbeya likivutwa kwa kamba.

Hatusemi Vigo ni mbaya. Mtu mwenye gari lake, anayejaza kituo kile kile kila siku, na aendeshe Vigo kwa amani. Gari la umoja litaendeshwa na madereva watakaobadilika. Linatakiwa livumilie.

Kuna jambo jingine kuhusu Hilux linalowasumbua wanaoagiza. Japani kwenyewe Toyota waliacha kuiuza Hilux mwaka 2004, wakairudisha mwaka 2017. Kwa hiyo ukiona Hilux ya mtumba kutoka Japani, ama ni ya kabla ya 2004, ama ni ya karibuni sana na bei yake ni ya karibuni pia. Za katikati hutoka Thailand, Uingereza, Australia, Afrika Kusini au Dubai. Ya Thailand ni Vigo, tumeshaizungumzia. Ya Uingereza usukani uko upande wetu, lakini kule majira ya baridi humwaga chumvi barabarani kuyeyusha barafu, na chumvi ile inakula chesisi kwa chini. Juu gari linang'aa, chini ukigonga kwa nyundo linatoa unga. Anayeagiza aombe picha za chini, asitosheke na picha za viti.

Na anayeagiza ajue kodi. Tuchukulie gari limefika bandarini Dar es Salaam kwa shilingi milioni 20, pamoja na usafiri na bima. Ushuru wa forodha 25% ni milioni 5. Juu ya milioni 25 hizo inakuja VAT 18%, ambayo ni milioni 4 na laki 5. Tayari tuko milioni 29 na nusu, bado tozo nyingine, bado tozo ya uchakavu kwa gari lililozeeka, bado wakala, bado usajili, bado mafuta ya kulileta. Tena TRA wana mfumo wao wa thamani za magari yaliyotumika. Risiti ikionyesha bei ya kutupwa, wanarudi kwenye mfumo wao. Kikokotoo kiko kwenye tovuti yao, mtu yeyote mwenye simu anaweza kujaribu usiku huu. Mjumbe mmoja alilalamika kwamba 25% ni uonevu kwa mkulima. Huenda. Lakini Wamarekani nao mwaka 1964 waliweka ushuru wa 25% kwa pikapu za kutoka nje, kwa sababu ya ugomvi wao na Ulaya juu ya biashara ya kuku. Kuku, ndugu zetu. Ugomvi wa kuku uliisha, ushuru ukabaki.

Sasa tuseme jambo ambalo wengine hawatalipenda. Tulipotangaza kwamba tunatafuta gari, wiki hiyo hiyo tulipata simu tatu kutoka Tunduma. "Ipo moja safi, ya IT, mwenyewe amekwama, bei nusu." Magari ya IT tunayaona kila siku yakipita hapa yakielekea Zambia na Kongo. Yale yameingia nchini kwa ajili ya kupita tu. Kodi ya hapa haijalipwa. Likibaki upande huu na likauzwa, ni gari la magendo, na atakayekutwa nalo ndiye mwenye kesi. Gari lenye namba za Zambia ni hivyo hivyo: limeruhusiwa kuingia kwa muda, halijaruhusiwa kuuzwa. Usukani uko upande ule ule kama wetu, barabara ni ile ile, kwa macho hutaona tofauti. TRA wanaiona. Tumekataa zote tatu bila kwenda kuziangalia. Mwenye jirani anayetumia gari la namna hiyo, hilo ni lake na Mungu wake, lakini fedha za wajane na za vijana wa bodaboda waliochangia elfu mbili mbili hatuwezi kuzipeleka huko zikaishie kwenye uwanja wa forodha, gari likiota majani.

Pendekezo letu basi ni hili. Tununue Hilux ya milango minne, fo wili, dizeli ya 3L au 5L, iliyokwisha sajiliwa hapa nchini, ama kwa mtu binafsi tunayeweza kumfuatilia, ama kwenye mnada wa taasisi au mradi. Magari ya miradi yametembea sana, lakini mara nyingi yana daftari la matengenezo, na daftari hilo ni dhahabu. Ya milango minne bodi yake ni fupi, tunajua. Wakulima kwenye kamati waliitetea ya milango miwili mpaka usiku. Lakini mgonjwa na wanaomsindikiza hawawezi kukaa kwenye bodi. Gari la mizigo halipakii abiria nyuma, na trafiki yuko kazini. Milango minne inatupa viti vitano. Tumekubaliana hivyo kwa kura, si kwa furaha ya wote.

Anayetusaidia kutafuta azingatie machache. Watu husema "ni namba D" au "ni namba E" kana kwamba ndiyo umri wa gari. Ile herufi inakuambia gari lilisajiliwa lini Tanzania, haikuambii lilitengenezwa lini. Angalia namba ya chesisi. Kwenye Hilux imegongwa kwenye chuma cha chesisi upande wa kulia, karibu na gurudumu la mbele. Ilinganishe na kadi, tarakimu kwa tarakimu. Namba ya injini vivyo hivyo. Injini ikiwa imebadilishwa na kadi haijabadilishwa, rudini nyumbani.

Nenda asubuhi kabla muuzaji hajaiwasha, usimpigie kwamba umekaribia. Dizeli iliyochoka hujulikana ikiwa baridi. Ikishawaka, fungua kifuniko cha kutilia oili: ikipumua moshi kama jiko la kuni, pistoni na ringi zimekwisha. Kilometa kwenye dashibodi usiziamini peke yake. Tazama mpira wa pedali ya klachi na kiti cha dereva. Hivyo havirudishwi nyuma na fundi wa umeme.

Tumefika kwenye umiliki. Hapa hatutapita haraka, maana magari mengi ya vyama hayafi barabarani, yanafia kwenye kadi. Mwenyekiti anaandikwa jina lake "kwa muda," muda unakuwa miaka, mwenyekiti anahama au anafariki, na warithi wanakuta kadi kwenye sanduku. Warithi hawana kosa, kadi inasema gari ni la baba. Tunapendekeza gari lisinunuliwe mpaka wadhamini wa umoja wetu wawe wamesajiliwa RITA, ili mali iandikwe kwa jina la wadhamini hao, na umoja uwe na TIN yake. Mwenyekiti wetu wa sasa ndiye aliyekuwa wa kwanza kuliunga mkono hili, na tunamshukuru mbele yenu.

Bima iwe kubwa, si ndogo. Bima ndogo inamlipa uliyemgonga. Gari lako likilala bondeni unabaki na funguo. Na kwa kuwa tutatoza nauli ya mizigo, gari liwe na namba nyeupe za biashara na leseni ya LATRA. Kuna waliosema tutumie namba za njano tuseme ni gari la familia. Familia gani hiyo yenye watu kata nzima?

Kisha matumizi. Wagonjwa kwanza, saa yoyote. Mizigo ya wanachama pili, kwa bei ya wanachama. Misiba: gari litabeba jeneza na wafiwa wa karibu kwa gharama ya mafuta tu. Harusi: kwa bei ya kawaida, hata bwana harusi akiwa mjumbe wa kamati hii. Kila safari iandikwe kwenye daftari, kilometa za kutoka na za kurudi, na daftari lisomwe kwenye mkutano kama linavyosomwa hili la mapato. Robo ya kila nauli iende kwenye mfuko wa tairi na matengenezo, isiguswe hata kwa kukopeshana.

Sasa mabadiliko ya gari lenyewe, sehemu ambayo kijana wetu aliisubiri tangu kikao cha kwanza. Alikuja na mchoro. Ulikuwa na ngao mbele, winchi, mkonga, taa nane juu ya keria, springi za kunyanyua, rimu pana na matairi ya kutoka nje ya bodi. Ulikuwa mchoro mzuri kweli, tumeutunza. Wapenda magari wa nchi hii si wachache. Oktoba 2024 wenye Land Rover walijazana Arusha kwa tamasha lao, na humo ulikuta gari la shamba limepambwa kuliko bibi harusi. Hakuna ubaya. Ila lile ni gari la mtu na mapenzi yake.

La kwetu tunaomba mabadiliko haya tu. Turubai imara juu ya fremu ya bomba, ya kufungua na kufunga, ili kahawa na maharage visinyeshewe. Godoro jembamba na mikanda ya kumfunga mgonjwa kwenye kiti cha nyuma kilicholazwa, vitoke na kurudi stoo. Ngao ya mbele ya kawaida, kwa ajili ya ng'ombe wa usiku. Chujio la pili la dizeli lenye kutenga maji. Na bati nene la kukinga chini ya injini, maana mawe yetu yanajulikana.

Taa nane tumezikataa. Taa kali juu ya keria zinampofusha dereva wa lori anayekuja mbele yako, na kwenye barabara hii lori linalokuja mbele yako lina tani nyingi nyuma yake. Matairi ya kutoka nje yanakula beringi.

Springi tulizibishania siku mbili, na tunaomba msikilize vizuri, hasa wenye pikapu zenu tayari. Desturi yetu ni kununua Hilux Jumamosi na Jumatatu kuipeleka kwa fundi aongeze springi nyuma. Tunafanya hivyo ili tupakie zaidi. Hilux imetengenezwa kubeba kama tani moja. Tani moja ni gunia kumi za mahindi za kilo mia, au mifuko ishirini ya saruji. Ikiwa ni lumbesa, ambayo imekatazwa na bado tunaishona, ni gunia saba na gari limeshajaa. Tunaowaona wakipakia kana kwamba wametumwa kukihamisha Kimondo cha Mbozi, springi ndizo zinazowadanganya: bodi haijainama, kwa hiyo wanaona mzigo ni mdogo.

Lakini kuna jambo la pili, na hili mafundi wengi wa pembezoni hawaambiwi. Chini ya Hilux nyingi, karibu na difu ya nyuma, kuna vali ya breki iliyoshikizwa kwa fimbo nyembamba. Kazi ya ile fimbo ni kupima bodi imeshuka kiasi gani. Bodi ikishuka, vali inajua mzigo upo, inaruhusu nguvu zaidi ya breki kwenda magurudumu ya nyuma. Bodi ikiwa juu, inapunguza nguvu, ili gari tupu lisifunge tairi za nyuma na kuzunguka barabarani. Sasa ongeza springi. Bodi inabaki juu hata ukiweka tani nzima. Vali inasoma kwamba gari ni tupu. Unashuka mlima na tani ya mahindi mgongoni, na breki za nyuma zinafanya kazi ya gari lisilo na kitu. Za mbele zinabeba yote, zinapata moto, zinaisha nguvu.

Na mlima wetu ni Senjele. Hatuna haja ya kuwaeleza Senjele. Tumewahi wote kusimama pale kando ya barabara tukisubiri njia ifunguliwe. Ongeza juu ya hilo dereva anayeachia nyutro kwenye mteremko ili aokoe mafuta ya mia tano, ambapo hata injini haimsaidii kushika gari.

Kwa hiyo tumeandika kwenye pendekezo: springi zisiongezwe. Zikichoka zibadilishwe kwa zile zile, idadi ile ile. Siku umoja ukiamua vinginevyo, vali ile irekebishwe na fundi anayeijua, gari lijaribiwe likiwa na mzigo kabla halijaingia barabara kuu, na aliyeitengeneza asaini kwenye daftari. Wenye pikapu zao walioongeza springi tayari, fundi wetu amejitolea Jumapili mbili baada ya ibada kuzikagua bila malipo. Mlete gari, na mje na mzigo kidogo ndani, hawezi kupima likiwa tupu.

Ndugu Mgeni Rasmi, gari hili tumeligawa vipande ili kila mtu apate cha kushika. Kwenye ukurasa wa ahadi mtaona haitajwi "pikapu" kwa jumla. Kuna tairi tano, ikiwemo ya akiba. Kuna betri, turubai, chujio la dizeli, bima kubwa ya mwaka wa kwanza, gharama za usajili wa wadhamini, mshahara wa dereva kwa miezi sita ya mwanzo kabla nauli hazijaanza kutosha. Kisha kuna gari lenyewe, ambalo limegawanywa katika hisa za shilingi elfu kumi. Watoto wa shule ya msingi wameshaahidi betri. Vijana wa bodaboda, ambao gari hili litawapunguzia abiria wa usiku, wameahidi tairi mbili, na mmoja wao akasema ni kwa sababu yeye ndiye anayewabeba wale wagonjwa katikati na anajua ilivyo.

Zimebaki tairi tatu. Fomu ziko kwa mweka hazina, meza iliyo karibu na mlango, na wanaotoka mapema kuwahi basi la Dar es Salaam waanze wao.